Mpini wa Rivolva Ndogo: Ushikike, Ufichike, Usinase Nguo

Rivolva ndogo inayobebwa ndani ya nguo hutakiwa kutimiza mambo matatu kwa pamoja: ishikike vizuri mkononi, isionekane inapobebwa, na itoke bila kunaswa na kitambaa. Sehemu inayoamua zaidi mambo hayo si mtutu wala silinda, bali mpini. Mtutu wa inchi mbili huzama ndani ya mfuko au nyuma ya mkanda. Mpini ndio unaobaki umetuna chini ya shati, ndio unaokutana na bitana ya koti, na ndio unaopokea teke la risasi na kulifikisha kwenye kiganja. Ndiyo pia sehemu iliyo rahisi kubadilishwa, kwa kuwa mipini mingi hufungwa kwa skrubu moja tu. Ugumu uko katika kuchagua, maana kila sifa inayoongeza raha ya mkono hupunguza kitu katika kuficha.

Fremu na pengo lake

Asili ya rivolva hizi ni Marekani. Kampuni ya Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, yenye risasi sita za .38 Special na mtutu wa inchi mbili. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikatoa Chiefs Special ya risasi tano, iliyopewa jina hilo katika mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs. Fremu yake, inayojulikana kama fremu ya J, imebaki kuwa msingi wa rivolva ndogo za kampuni hiyo hadi leo, na watengenezaji wengi wa mipini huanza nayo kabla ya nyingine yoyote.

Vibao vya awali vya Chiefs Special vilikuwa vipande viwili vyembamba vya mbao ya jozi vilivyofunika pande za fremu tu. Mbele, nyuma ya kikingio cha kifyatulio, palibaki pengo. Silaha inapofyatuka hujiinua, na kidole cha kati, kisicho na cha kuegemea, hupanda hadi kugongwa na kikingio. Dawa ya zamani ni kipande kidogo cha aloi ya alumini kinachobanwa chini ya vibao ili kuziba pengo hilo. Kinachojulikana zaidi ni kile kilichobuniwa na Melvin Tyler wa Oklahoma. Mipini mingi ya kisasa huzunguka mbele ya fremu na kuliziba pengo yenyewe. Anayelalamika kwamba rivolva yake inamuumiza kidole cha kati aanze kukagua hapo kabla ya kufikiria mpini mkubwa zaidi.

Teke, kiganja na kidole cha kufyatulia

Uzito una sehemu kubwa katika maumivu. Chiefs Special ya chuma, ambayo baadaye iliitwa Model 36, ina karibu gramu 550 ikiwa tupu. Model 642, ambayo fremu yake ni ya aloi ya alumini, ina gramu 400 na ushee. Model 340 PD, yenye fremu ya aloi ya skandi, ina karibu gramu 330, na bado hupokea risasi kali ya .357 Magnum. Risasi ya aina moja husukuma zote kwa kiasi kilekile, lakini silaha nyepesi hurudi nyuma kwa kasi zaidi, na nishati inayofika mkononi huongezeka. Mpini hauwezi kuifuta nishati hiyo. Unachoweza kufanya ni kuitandaza kwenye sehemu pana ya kiganja, na kuichelewesha kidogo ukiwa wa kitu laini.

Kwa sababu hiyo umbo la mgongo wa mpini ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Mgongo wa chuma ulio wazi na mwembamba hukusanya teke lote kwenye mstari mmoja, katika panda ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mpini uliojaa kidogo katikati, mahali kiganja kinapofanya bonde, huligawa teke hilo pande zote. Kufunika mgongo kwa mpira huleta nafuu kubwa zaidi, lakini unene wa mpira husukuma kiganja nyuma na kukifanya kifyatulio kiwe mbali.

Umbali huo si jambo dogo. Kifyatulio cha Model 642 huhitaji mvuto wa kilo tano hadi sita, yaani zaidi ya mara kumi ya uzito wa silaha yenyewe. Kidole kinachokifikia kwa ncha tu hukosa nguvu na huivuta silaha pembeni. Kipimo kinachofaa ni hiki: mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mkono kuanzia kiwiko, kifyatulio kikae juu ya nyama ya pingili ya kwanza ya kidole au kwenye kiungo chake. Mwenye mkono mdogo atafaidika na mpini unaoacha mgongo wa fremu wazi. Mwenye mkono mkubwa, ambaye kidole chake hupita kifyatulio na kujikunja, atafaidika na mpini uliofunika mgongo.

Kampuni ya Ruger imelizunguka tatizo hilo kwa njia nyingine. Katika SP101 ya mwaka 1989 na LCR ya mwaka 2009, ndani ya mpini hakuna fremu pana ya chuma, bali kijiti chembamba tu. Nafasi hiyo huruhusu mpira laini kukaa nyuma ya kiganja bila kukisogeza mbali na kifyatulio.

Vijishimo vya vidole mbele ya mpini vinahitaji tahadhari. Vikilingana na mkono, huufunga vizuri. Visipolingana, kila kidole hukaa juu ya kigongo, na mshiko unaochukuliwa kwa haraka huwa mbaya kuliko ule wa mpini laini usio na alama.

Kinachonasa

Tatizo la kunasa lilishughulikiwa mapema. John Henry FitzGerald, aliyekuwa mfanyakazi wa Colt kati ya vita viwili vya dunia, alikuwa akikata rivolva ili ziwe fupi, akiondoa ncha ya nyundo na kuviringisha kona za mpini. Aliondoa pia sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio, hatua ambayo leo huhesabiwa kuwa ya hatari. Mwaka 1952 Smith & Wesson ilitoa Centennial, ambayo nyundo yake imefichwa kabisa ndani ya fremu. Nyundo ikishafichwa, kinachobaki kunasa ni mpini.

Mpini hunasa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kona. Kisigino cha mpini, yaani kona ya chini ya nyuma, ndicho kinachokwama kwenye ukingo wa mfuko na ndicho kinachochora umbo la silaha kwenye shati. Ndiyo maana mpini wenye kitako cha mviringo hufichika kuliko wa kitako cha mraba hata kama urefu ni mmoja. Sababu ya pili ni ngozi ya mpini yenyewe. Mpira hushika mkono vizuri, lakini hushika kitambaa vilevile: ukiwa mfukoni hutoka na bitana, na ukiwa kiunoni hulizuia shati lisishuke, hivyo kuonyesha kile kilichokusudiwa kufichwa. Michoro mikali ya vipembe hufanya kazi kama msasa, ikila bitana na kukwaruza ngozi ya mbavu. Sababu ya tatu ni unene wa juu, karibu na silinda, unaokifanya kiganja kishindwe kuingia mfukoni na kutoka kikiwa kimefumbata.

Mahali pa kubebea hubadili uamuzi. Kwa mfuko wa suruali, mpini mfupi wa mbao laini au resini hufaa kuliko mpira. Kiunoni, chini ya koti zito, mpira huvumilika kwa kuwa kitambaa kizito huteleza chenyewe. Kwa vyovyote vile, silaha ikae ndani ya ala inayofunika kifyatulio. Ipo mipini yenye ulimi wa kuning'iniza rivolva kwenye ukingo wa suruali bila ala. Huo ni wepesi unaokiacha kifyatulio bila kinga.

Urefu na malighafi

Urefu wa mpini ndio mgogoro mkuu. Mpini unaobeba vidole vitatu hutuliza silaha, lakini hutokeza chini kwa sentimita moja au mbili zinazoonekana. Mpini mfupi hubeba vidole viwili, na kile cha mwisho hukunjwa chini yake. Mfano uliokubalika sana ni ule wa fundi Craig Spegel: kitako kinaishia pale fremu inapoishia, kona zimeviringishwa, na mbele pamejazwa. Umbo hilo baadaye lilitengenezwa kwa wingi kwa mpira.

Katika mbao, jozi ni ya kawaida na huteleza vizuri ikipigwa msasa na mafuta. Baadhi ya mafundi hutumia mpingo wa Afrika Mashariki, mti mgumu, mzito na usiopasuka kirahisi ukishakauka vyema. Jenasi yake yote imekuwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu mwaka 2017. Pembe za ndovu, zilizopamba rivolva nyingi za karne ya 19, zilipigwa marufuku katika biashara ya kimataifa kwa uamuzi wa mwaka 1989. G10, ambayo ni tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, haijali jasho wala mvua na inaweza kuwa nyembamba bila kuvunjika, lakini ni ngumu mkononi. Mpira ni wa bei nafuu na laini, ila baada ya miaka huweza kunata au kukauka.

Kujaza upya, kufunga na kujaribu

Silinda hufunguka upande wa kushoto, na mtutu mfupi huwa na kijiti kifupi cha kutolea maganda. Kibao cha kushoto kikiwa kinene juu, maganda hukwama juu yake na kifaa cha kujazia risasi kwa mkupuo hakiingii. Mpini mzuri huwa umechongwa upande huo.

Kabla ya kununua, ni lazima kujua kampuni, aina ya fremu na kama kitako ni cha mviringo au cha mraba, kwani mpini wa fremu moja hauingii kwenye nyingine. Kabla ya kufungua, silinda itolewe nje, matundu yote yakaguliwe kwa macho na kwa kidole, na risasi ziwekwe chumba kingine. Bisibisi iwe ya kipimo cha skrubu. Vibao vikitoka, springi iliyo ndani isiguswe. Baada ya kufunga, mpini usicheze hata kidogo, kwa kuwa mpini unaocheza huhamisha shabaha na hupasuka.

Jaribio hufanywa kwa hatua. Kwanza, silaha ikiwa tupu, mwenyewe avae nguo anazovaa kila siku, aitoe kwenye ala polepole mara kadhaa na kuangalia inapogusa. Pili, akae, ainame na ainue mikono mbele ya kioo. Tatu, kwenye uwanja wa shabaha na chini ya msimamizi, apige kwa risasi zilezile anazokusudia kubeba. Zile nyepesi za mazoezi huficha kasoro za mpini. Mkono ukilazimika kujipanga upya baada ya kila risasi, mpini ni mdogo mno au hauna umbo linalofaa.

Kanuni ya kuchagulia, basi, ni kuchukua mpini mdogo kuliko yote ambayo mkono bado unaweza kuitawala, wenye ngozi laini na kona za mviringo. Anayelazimika kuacha kitu kimoja aache urembo kwanza, kisha ulaini wa mpira. Umbali wa kidole hadi kwenye kifyatulio usiachwe kamwe, kwa sababu silaha isiyofyatuliwa sawasawa haina faida hata ikifichika namna gani.