Maniema: Mkono uliovunjika ukikazwa sana, vidole vinaweza kufa

Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mara nyingi mkono huvunjika mbali na daktari: mtoto ameanguka toka juu ya mwembe, mchimbaji dhahabu ameteleza shimoni pande za Namoya, pikipiki imepinduka kwenye matope. Anayeitwa kwanza ni fundi wa mifupa wa kijijini. Ananyoosha mkono, anaweka vijiti, anafunga kamba. Kamba hiyo ikikazwa kupita kiasi, inaweza kuleta kilema kikubwa kuliko mvunjiko wenyewe.

Sababu ni kwamba vidole havina misuli ndani yake. Shika mkono wako chini ya kiwiko, kisha funga na ufungue ngumi: utasikia nyama zikicheza. Kati ya kiwiko na kifundo mna misuli karibu 20, na kano zake huvuta vidole kama kamba. Neva tatu ndizo zinazoiamuru. Mojawapo hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga unasikia kama umeme hadi kidole kidogo.

Misuli hiyo imefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, nyama huvimba. Kamba ikibana kwa nje, uvimbe hukosa pa kwenda na damu haipiti vizuri. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa, wala haifufuki. Hubaki makovu, na vidole hujikunja kama kucha za ndege. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza kilema hiki mwaka 1881, akataja bandeji zilizokazwa.

Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, hasa mtu mwingine akinyoosha vidole vya mgonjwa. Hufuata ganzi. Usidanganywe na mapigo ya damu kwenye kifundo: yanaweza kuwepo bado.

La kufanya: fungua kamba na vitambaa vyote hadi ngozi ionekane, shikiza mkono kwa ubao bila kubana, usikande, kisha mpeleke mgonjwa hospitali upesi. Huko daktari anaweza kupasua utando ili misuli ipate damu.

Hakuna haja ya kumfukuza fundi wa kijijini. Ila akishafunga mkono, arudi kuutazama usiku uleule. Kulegeza kamba hakungoji daktari wala barabara nzuri.