Safari ya Sauti: Kutoka Mtambo wa Kuchanganyia Hadi Kompyuta

Mzee anaposimulia historia ya kijiji, au kwaya ya shule inapoimba siku ya mahafali, mara nyingi nafasi ya kuinasa sauti hiyo ni moja tu. Kwa hiyo yafaa mwalimu na mwanafunzi waielewe njia inayopitiwa na sauti mpaka ihifadhiwe katika kompyuta, na mahali inapoweza kuharibika pasipo tiba.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kuyafuata mawimbi ya hewa. Umeme huo ni hafifu mno, aghalabu sehemu chache tu za elfu za volti. Mtambo wa kuchanganyia sauti hupokea umeme wa maikrofoni kadhaa, huukuza, huvilinganisha viwango vyake, kisha huutoa kwa pamoja. Katika mitambo ya studio kiwango cha kawaida cha umeme unaotoka ni volti 1.23, katika vyombo vya nyumbani ni karibu volti 0.32.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Tundu la maikrofoni katika kompyuta limetengenezwa kupokea umeme hafifu na kuukuza. Waya utokao kwenye mtambo ukichomekwa humo, umeme uliokwisha kukuzwa hukuzwa tena, na sauti hukwaruza. Umeme wa mtambo wapasa kuingia katika tundu la kupokelea umeme wa vyombo vingine, au katika kigeuzi cha nje kinachounganishwa na kompyuta.

Kazi ya kigeuzi ni nini? Kompyuta hufanya kazi kwa namba, siyo kwa mawimbi. Kigeuzi huupima umeme mara nyingi kila sekunde na kukiandika kila kipimo kwa namba. Mwaka 1949 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alithibitisha kwamba wimbi laweza kurudishwa kamili iwapo litapimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mitikisiko yake ya kasi kabisa. Sikio la binadamu husikia hadi mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo sababu sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za 0 na 1, hivyo kuna ngazi 65,536 za kupimia.

Ngazi hizo zina mwisho. Umeme ukipita ngazi ya juu kabisa, kigeuzi huandika namba ile ile ya mwisho, na kilele cha wimbi hukatwa. Kupunguza sauti baadaye hakukirudishi kilele, kwa maana hakikuandikwa popote. Programu zinazokitengeneza upya hukisia tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinyume chake, vilele vikifika nusu tu ya kipimo, bado zinabaki ngazi 32,768, na sauti yaweza kuongezwa baadaye kwa hasara ndogo. Basi kiwango na kirekebishwe kwenye mtambo, kabla sauti haijaingia katika kigeuzi, huku mwimbaji akijaribu kwa sauti yake kubwa kabisa.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila mtambo wowote. Kundi la kwanza lichore kwenye karatasi ya miraba wimbi lenye kimo cha miraba 10 juu na chini ya mstari wa katikati. Lisome kimo katika kila mraba na kuandika namba, lakini kila namba inayozidi 6 iandikwe 6. Kundi la pili lipewe namba hizo tu, lichore wimbi upya. Kisha zoezi lirudiwe kwa wimbi lenye kimo cha miraba 5. Wanafunzi waulizwe: ni wimbi lipi lililorudi na umbo lake, na kwa nini?