Mhalifu aliye mbali, kompyuta iliyo Murukulazo

Chukulia duka la stesheneri katika kata ya Murukulazo, wilayani Ngara, Tanzania. Mwenye duka kapewa programu ya bure kwa flashi, akaiweka kwenye kompyuta yake. Ndani yake imejificha programu nyingine inayomwezesha mtu aliye mbali kuiona skrini, kuandika na kufungua mafaili kana kwamba ameketi pale pale dukani. Usiku mtu huyo anaipitia kompyuta hiyo kuingia katika mfumo wa benki iliyoko Nairobi au Kigali. Benki ikifuatilia nyayo, inafika Murukulazo na kukwama.

Kuna uwezekano hata wa kutofika hapo. Modemu na simu nyingi hazina anwani ya IP ya peke yake. Kampuni ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Kumpata mteja mmoja kati yao kunahitaji anwani, namba ya poti na wakati halisi hadi sekunde. Ikiwa benki haikuhifadhi namba ya poti, au saa ya mfumo wake imechelewa dakika tatu, polisi wanaweza kubisha hodi kwa jirani asiyehusika kabisa. Na wakibisha panapostahili, wanamkuta mtu aliyeingiliwa mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kompyuta iliyokutwa ichukuliwe kwanza kuwa shahidi. Kumweka mwenye duka mahabusu kwa sababu anwani ni yake ni kumpa mhalifu muda wa kufuta kila kitu.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inahesabu kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na inamfuata anayelenga kompyuta iliyoko Tanzania hata kama yuko nje ya nchi. Lakini askari wa Ngara hawezi kwenda kupekua seva ya Ulaya ambayo mhalifu huenda ameipitia. Ombi la msaada hupitia kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na safari ya barua hizo huweza kuchukua miezi, wakati kumbukumbu za mtandao huenda zikafutwa mapema zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu wa mtandao, uliopitishwa Desemba 2024, unazitaka nchi ziwe na dawati linalopatikana saa 24 na zihifadhi data haraka zinapoombwa. Utaanza kufanya kazi baada ya nchi 40 kuuridhia.

Mhalifu naye ana udhaifu wake: pesa lazima itoke mahali fulani, mikononi mwa mtu. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, mwaka 2019, wapelelezi wa Rwanda waliwakamata mjini Kigali watu waliokuwa wakijaribu kuingilia mfumo wa Equity Bank. Mwaka 2021 mahakama iliwahukumu Wakenya wanane, Wanyarwanda watatu na Mganda mmoja kifungo cha miaka 8. Wizi wa kupitia kompyuta uliwahitaji watu wenye miguu, wengi wao waliovuka mipaka, na hapo ndipo walipoonekana. Kwa wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, hili ni jambo la kuzingatiwa: akaunti na laini zinazopokea fedha huwa rahisi kufuatilia kuliko njia ya IP.

Kazi kubwa iko katika saa ya kwanza. Mwenye kompyuta aikate kwenye intaneti, asiizime, wala asikimbilie kwa fundi ampigie Windows upya, maana yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hupotea umeme ukikatika. Kisha apige simu benki na kwenda polisi. Kituoni anahitajika askari anayejua kunakili RAM na diski, kuandika saa ya kila hatua na kuorodhesha kila aliyekigusa kifaa; bila hayo, wakili wa utetezi atauliza kama ushahidi ulibadilishwa njiani kutoka Murukulazo hadi mahakamani.