Kuhesabu Marejeleo na Kupima Mchango wa Mtaalamu: Mfano wa Akira Suzuki katika Kemia ya Boroni

1.0 Utangulizi

Mchango wa mtaalamu hupimwa kwa njia kuu mbili: wingi wa machapisho yake, na idadi ya mara ambazo machapisho hayo yamerejelewa na wengine. Njia ya pili ilipata nguvu baada ya Eugene Garfield kuanza kuchapisha huko Philadelphia, mwaka 1964, faharasa ya marejeleo ya kisayansi. Mwaka 2005 Jorge Hirsch aliziunganisha njia hizo mbili katika kipimo kimoja: mwenye alama 20 ni yule mwenye machapisho 20 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 20. Makala haya yanatumia mfano wa mkemia Akira Suzuki kuonyesha kile ambacho hesabu za namna hii hudhihirisha na kile ambacho huzipita.

2.0 Chimbuko la Utafiti

Suzuki alizaliwa mwaka 1930 huko Mukawa, kisiwani Hokkaido, nchini Japani. Kilichomwelekeza kwenye boroni ni kitabu cha Herbert C. Brown kuhusu misombo ya elementi hiyo, kilichochapishwa mwaka 1962. Alikisoma, kisha akaenda kufanya utafiti chini ya mwandishi wake katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kati ya mwaka 1963 na 1965. Brown mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, pamoja na Georg Wittig.

3.0 Ugunduzi Wenyewe

Mwaka huohuo wa 1979, Suzuki na Norio Miyaura, wakiwa Chuo Kikuu cha Hokkaido, walitangaza mbinu ya kuunganisha kaboni na kaboni. Kaboni moja huwa imeshikamana na boroni, na nyingine na halojeni kama vile bromini. Kaboni ya halojeni hujishikiza kwanza kwenye paladiamu, ambayo ndiyo kichocheo. Kaboni iliyo kwenye boroni, hata hivyo, haiachii kwa urahisi. Ufumbuzi ulikuwa kuongeza besi: boroni ina upungufu wa elektroni, na ikizipata kutoka kwenye besi huweza kuikabidhi paladiamu kaboni yake. Hapo kaboni mbili huungana, na paladiamu hubaki huru kuanza upya.

Umuhimu wa mbinu hii umo katika wepesi wake. Asidi nyingi za boroni zitumikazo hustahimili hewa na maji, wala hazina sumu kali. Kwa sababu hiyo mbinu ilitoka maabara ikaingia viwandani, na hutumika kutengeneza dawa, mojawapo ikiwa losartani ya shinikizo la damu. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza. Mwaka 2010 Suzuki alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi.

4.0 Marejeleo na Mipaka Yake

Makala ya mapitio ambayo Miyaura na Suzuki waliyachapisha mwaka 1995 yamerejelewa zaidi ya mara 10,000, idadi inayoyazidi kwa mbali makala ya ugunduzi ya mwaka 1979. Hesabu hiyo ni ushahidi wa athari kubwa, lakini yafaa isomwe kwa uangalifu.

Kwanza, hesabu hupendelea makala yanayokusanya maarifa kuliko yale yaliyoyazaa. Pili, ugunduzi ukishazoeleka hutajwa kwa jina tu, pasipo chapisho lolote kurejelewa. Robert Merton, mwanasosholojia, alikwisha kueleza hali hii: wazo hufifia katika marejeleo kwa sababu limekuwa mali ya wote. Tatu, jina lenyewe hugawa sifa. Wengi husema "mmenyuko wa Suzuki", ilhali Miyaura ndiye mwandishi wa kwanza wa makala ya 1995. Nne, kiwanda kinachotumia mbinu hakilazimiki kuandika makala, na mgonjwa anayemeza losartani haingii katika faharasa yoyote.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba idadi ya marejeleo hupima mazungumzo ya wataalamu katika majarida yaliyochaguliwa, wala si thamani yote ya kazi. Ikiwa kipimo humpunja mkemia aliyetuzwa, ambaye majarida yake yamo ndani ya faharasa, basi humpunja zaidi mtafiti ambaye majarida yake yamo nje. Mtafiti wa Kiswahili anayerejelewa katika tasnifu na majarida yasiyoingizwa humo huhesabiwa kana kwamba hakusomwa kabisa. Kamati zinazopandisha watu vyeo kwa kutumia hesabu hizo hazina budi kwanza kuuliza ni nini kilichohesabiwa, kisha zisome kazi yenyewe.