Hedifoni za Bei Ghali: Je, Zinatufaa Sisi wa 46?

Waswahili husema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nisikiapo wenzangu wakizisifu hedifoni zisizo na waya. Ukipanda matatu ya nambari 46 kwenda mjini, hukosi kumwona abiria aliyezivaa, akitikisa kichwa kama aliye kwake sebuleni. Wengi wetu tunazitamani, na wengine wameanza kuweka akiba. Kabla akiba hiyo haijatoka mfukoni, ndugu msomaji, hebu tuziweke kwenye mizani: upande huu sifa zake, upande ule uimara wake.

Kwanza tuzitendee haki. Hedifoni hizi hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa mawimbi ya Bluetooth, teknolojia iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, mwaka wa 1994. Hakuna waya wa kunaswa mlangoni. Sifa inayozipandisha bei zaidi ni ile ya kuzima kelele. Mhandisi Amar Bose wa Marekani alilipata wazo lake akiwa ndani ya ndege mwaka wa 1978. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele za nje, kisha chombo kilichomo ndani hutoa wimbi lililo kinyume cha kelele hizo. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, na kelele hupungua.

Hata hivyo, ujanja huo una mpaka. Hufaulu sana kwa mngurumo usiobadilika, kama wa injini. Makanga akigonga bati ghafla na kuita "Tao! Tao!" utamsikia tu. Isitoshe, pikipiki inayokuja nyuma yako haingurumi kwa sauti unayopaswa kuikosa! Anayevuka barabara ya Naivasha huku amezima kelele anacheza na roho yake.

Sasa tugeukie upande wa pili. Hedifoni ya waya ina vitu vichache vya kuharibika: waya, plagi na spika. Isiyo na waya ina spika vilevile, na juu yake betri, maikrofoni, tundu la kuchajia, vibonyezo na programu. Kila sifa inayoongezwa ni mlango mwingine wa hitilafu kuingilia. Hata makampuni makubwa hayakuepuka. Mnamo Oktoba 2020, Apple ilitangaza kwamba baadhi ya AirPods Pro zilizotengenezwa kabla ya mwezi huo zilikuwa zikikwaruza au kushindwa kuzima kelele sawasawa, ikajitolea kuzibadilisha bila malipo. Hilo ni jambo jema, lakini humfaa aliye karibu na wakala wa kampuni. Aliyenunua za mkono wa pili kando ya barabara ataanzia wapi?

Hata zisipopata hitilafu, betri ya lithiamu huzeeka. Hedifoni za Sony WH-1000XM4 za mwaka wa 2020 zilitangazwa kuwa hucheza saa 30 zikizima kelele. Hizo ni saa za betri mpya. Kadiri unavyochaji miaka ikipita, ndivyo saa zinavyopungua. Je, betri yaweza kubadilishwa? Mwaka wa 2016, iFixit ya Marekani, ambayo hufungua vifaa kuchunguza kama vinatengenezeka, ilizipa AirPods za kwanza alama 0 kwa 10. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki bila kuharibiwa.

Jambo hili limetufika nyumbani. Binamu yangu, ambaye ni kinyozi, aliweka akiba kwa miezi minane akanunua hedifoni za jina kubwa zilizokwisha tumika. Mwaka haukuisha kabla upande mmoja haujanyamaza. Fundi wa hapa 46 alizigeuzageuza, akasema, "Kijana wangu, hizi nikizifungua nimezivunja. Ungeniletea za waya ningekuchomea risasi sasa hivi, uende zako." Miezi minane ya kusimama kwa miguu ikaishia kwenye droo.

Sisemi kwamba vitu vya kisasa ni vibaya. Mwaka wa 2023, kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa hedifoni zisizo na waya ambazo betri yake mwenyewe huichomoa na kuweka nyingine. Kwa hivyo sifa nzuri na uimara vyaweza kukaa nyumba moja, mtengenezaji akitaka.

Basi ukienda Luthuli Avenue kununua, muulize muuzaji maswali matatu. Je, betri hutoka? Je, kuna tundu la waya ili zitumike betri ikichoka? Je, zikiharibika, nani atazitengeneza, na kwa muda gani? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni. Wengi husema rahisi ni ghali, nami nakubali. Lakini huku kwetu, kitu ghali kisichojua fundi ni ghali mara mbili.

Kwa hayo machache, natia nanga.