Mtoto wa kwenye skrini anayemfundisha nesi

Juzi nipo kafe hapa Bagamoyo naangalia video ya kichanga cha kompyuta, jamaa wa pembeni akauliza, "Hiyo gemu gani?" Nikamjibu, hiyo shule.

Inaitwa LIFE, kazi ya Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kenya. Unaingia wodini, nesi yupo, mtoto kazaliwa hapumui. Amua fasta! Ukikosea unaelekezwa, unarudia. Ilitengenezwa ya simu, na ya kuvaa miwani ya uhalisia pepe.

Jamaa akacheka: "Katuni itamwokoa nani?" Mimi dada yangu ni mjamzito, sikucheka.

Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wahudumu walifundishwa siku moja kwa mwanasesere NeoNatalie. Kwenye mtihani waking'ara, wodini mambo yakabaki yaleyale. Yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya vichanga vikapungua.

Kwa hiyo siri si sura kufanana na mtu, ni kurudia. Mtoto wa kwenye simu unaweza kumrudia hata zamu ya usiku. Ila kushika barakoa ya hewa vizuri, mkono unamhitaji mwanasesere.

Mnasemaje, wadau?