Saa Katika Barua za Pamoja
Programu ya Word inapochukua majina na saa kutoka jedwali la Excel na kuvipachika katika barua ya kila mwalikwa, saa 14:30 huweza kuchapwa 0.604166667, kwa kuwa Excel huhifadhi saa kama sehemu ya siku, ambapo adhuhuri ni 0.5. Njia ya kutegemewa ni kuandaa safu mpya yenye fomula =TEXT(B2,"hh:mm")&" - "&TEXT(C2,"hh:mm"), inayogeuza saa ya kuanza na ya kumaliza kuwa maandishi yaliyounganishwa, kama 14:30 - 16:00, ambayo Word huyapokea yalivyo. Anayepanga saa ndani ya Word kwa \@ "HH:mm" azingatie kwamba m ndogo ni dakika, ilhali M kubwa ni mwezi. Katika Excel, jumla inayozidi saa 24 huhitaji muundo [h]:mm, la sivyo saa 26 husomeka 2.